Mboga ya Kule Bara

Rashid wa Mtongwe alirudi kutoka nchi za watu akiwa amekonda, amechubuka mabega, na amechukia karibu kila alichokiona. Alishuka kivukoni Likoni asubuhi ya jua kali, shanta mgongoni, na kabla hajafika kwa mama yake alikuwa ameshawaambia watu wa njiani kwamba Kilimanjaro ni wingu tupu, Ziwa Tanganyika ni maji mengi yasiyo na chumvi, na Kampala ni vilima vya kupanda na kushuka mpaka magoti yaombe talaka. Waliomwuliza habari za utokako walingoja aseme njema, kama wasemavyo watu, kisha mabaya yafuate polepole baada ya kahawa. Yeye alianza na mabaya, na njema haikufika.

Namna alivyoondoka ilikuwa ajabu vilevile. Vita vya Wazungu vilipokwisha, vijana wa Likoni waliokwenda Bama na Misri walirudi na makoti marefu na hadithi ndefu zaidi. Rashid hakwenda vitani. Daktari wa jeshi alimtazama nyayo, akasema ni bapa, akamrudisha kwao kukausha mbata. Kazi ya mbata ni kupasua nazi, kuzianika, kuzigeuza, kuzikimbilia mvua ikija, na kukaa na wenzako wanaosimulia Misri. Alivumilia kwa muda. Kisha akapata shanta la askari mmoja aliyechoka kuliona, akatia ndani kanzu, kikoi, sufuria ndogo na msahafu uliofungwa kitambaa, akatangaza kwamba anakwenda kutembea.

"Kutembea wapi?" mama yake, Bi Dhahabu, alimwuliza.

"Nchi za watu."

"Huko una nani?"

"Sina mtu."

"Waenda kuuza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Naenda kuona."

Bi Dhahabu alirudi kwenye kinu chake. Watu wa pwani wamesafiri tangu zama za mababu, lakini kwa sababu: biashara, hija, matanga, kufuata mke au kumkimbia mke. Mtu kujibebesha mzigo mgongoni mwenyewe, hakutumwa wala haendi kwa mtu, ili akaone vitu ambavyo havikumwita, hilo lilikuwa jambo jipya Mtongwe. Wengi walisema amerogwa, na waliobaki walisema amekosa kazi.

Aliyechukia zaidi alikuwa Mzee Ruwa, muadhini wa msikiti wa pale, ambaye binti yake Mwanasaumu alikuwa ameshaposwa na Rashid. Mzee Ruwa hakuivunja posa. Alimwita kijana barazani kwake, akamkalisha mkekani.

"Sikuzuii kwenda," alisema. "Lakini huko bara kuna watu wanaokula kila chenye miguu. Mimi nimekula halali umri wangu wote, na mtoto wangu vivyo hivyo. Ukirudi nitakuuliza kinywa chako kimepitisha nini. Ukinijibu ikanituliza, mke unaye. Usiponijibu, usinijie."

"Inshallah nitakujibu, mzee."

"Usinipe inshallah ya kuniondoa njiani."

"Wallahi nitakujibu."

Rashid alimtaka Mwanasaumu kwelikweli, hilo lisitiliwe shaka. Alikuwa msichana mwenye sauti ya taratibu na mikono isiyotulia, na Rashid alikuwa amemtamani tangu walipokuwa wakisoma Kurani chuoni kwa mwalimu mmoja. Kwa hiyo alikwenda safari yake na sharti moja kichwani: kinywa kisafi, au mke amekwenda.

Safari ya mtu peke yake, aligundua mapema, ni kazi ya kujibu maswali. Kila kituo, kila mpaka, kila kivuli alichokaa, mtu alimjia kumwuliza anakwenda kwa nani. Akisema anatembea tu, walimtazama upya. Mahali pamoja walimdhania mwizi, pengine mkimbia kodi, na kwenye kijiji kimoja karibu na Singida walimdhania mganga, wakamletea mtoto mwenye chango amtibu. Alimtibu kwa maji ya moto na dua, mtoto akapona, na siku iliyofuata wakaja watu wengine na matumbo mabaya zaidi. Alitoroka kupitia shamba la mtama.

Alilala kwenye nyumba za wageni ambamo mgeni halisi alikuwa kunguni. Alipanda malori yaliyobeba dagaa, akakaa juu ya magunia mpaka harufu ikawa yake, na abiria wa lori lililofuata wakasogea mbali naye. Choo cha mji mmoja kilikuwa na foleni ya watu na foleni ya nzi, na ya nzi ndiyo iliyokuwa na adabu. Aliuona mlima mkubwa? Hakuuona, ulijifunika wingu siku zote alizokaa chini yake, na wenyeji walimwambia jana ulikuwa wazi. Alivuka ziwa kwenda kwa Wabelgiji, akatapika njia nzima, akafika akakuta kwamba upande wa pili wa ziwa unafanana na upande wa kwanza, ila askari wake wanafoka kwa lugha nyingine.

Jambo lililomkera kuliko kunguni ni Kiswahili cha watu. Ng'ambo ya ziwa mchukuzi mmoja alimwamkia, "Yambo sana, mutu ya Mombasa," na Rashid akasimama palepale kumsahihisha: si mutu ya, ni mtu wa. Mchukuzi alicheka, akarudia vilevile, akaenda zake. Huku nyuma, kwenye kituo cha gari moshi karibu na Tabora, Rashid alikuwa amewasimulia abiria wenzake kwamba kwao mwezi wa tano mvua inanya sana. Abiria wakaanguka kwa kicheko, kwa kuwa kwao kunya ni kazi ya chooni tu, na mvua hunyesha. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akamwamsha mtoto wake na kumwambia. Rashid alihamia benchi jingine. Lugha ni yetu, alijisemea, wameiazima, na sasa wamcheka mwenyewe.

Chakula ndicho kilichompa shida hasa, kwa ajili ya sharti la Mzee Ruwa. Rashid alikuwa mtu wa adabu za kwao. Huwezi kuingia kwa mtu, akakutandikia mkeka, ukamwambia nyama yako siili. Kwa hiyo alijitungia neno lake la kistaarabu, akalitumia kila alikokwenda: "Msitaabike kwa ajili yangu. Mimi nipeni mboga tu." Aliona hapo amefunga mlango bila kumpiga mtu usoni. Ajabu ni kwamba walikuwa wakisema haya, mboga ipo, kisha wanamletea bakuli la nyama. Vipande vizima vikielea kwenye mchuzi! Mara ya kwanza alidhani ni ukarimu uliopita kiasi. Mara ya pili alidhani ni dharau. Baadaye alikata shauri kwamba watu wa kule hawasikii wanaloambiwa, akawa anakula ugali mkavu, au viazi vya kuchoma, analala na tumbo linalonguruma.

Ni mahali pamoja tu walipomsikia. Lori liliharibika msituni, ng'ambo ya Tabora, na yeye akashikwa na homa. Mama mmoja wa kijiji cha warina asali alimchukua akamlaza kwake. Homa ilipopoa alimletea ugali na bakuli dogo la majani yaliyotwangwa yakalainika, meusi, mazito, yametiwa karanga. Rashid aliligeuza lile bakuli huku na huku. Hapakuwa na kipande cha nyama hata kimoja.

"Hii ni mboga?" aliuliza, kwa sauti dhaifu.

"Mboga, baba. Mboga nzuri. Kula upate nguvu."

Alikula. Kulikuwa na ladha ya moshi kwa mbali, na mafuta yaliyobaki midomoni, na utamu fulani chini kabisa ambao hakuujua jina. Alilamba vidole, akalamba na bakuli. Alikaa pale mpaka miguu ikarudi, akila mboga ile mchana na jioni, na alipoondoka machozi yalimlengalenga. Hakuuliza imepikwaje. Aulize ya nini? Mboga ni mboga.

Ndivyo alivyorudi kwao, na jioni ileile aliyofika alikwenda kwa Mzee Ruwa bila kungoja kuitwa. Alivaa kanzu safi, akapiga hodi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mzee Ruwa hakuuliza habari za Kilimanjaro.

"Kinywa?" aliuliza.

"Kisafi, mzee. Wallahi, wabillahi, watallahi, nyama ya huko sikuitia kinywani. Nimeishi kwa mboga."

Mzee Ruwa alimtazama machoni, akaona hakwepi, akamshika mkono. Harusi ikapangwa Ramadhani ikiisha, Ijumaa ya kwanza baada ya siku za Idi. Nyuma ya pazia la mlango mtu alicheka kidogo kisha akajizuia, na Rashid akarudi nyumbani akitembea kama hana nyayo bapa.

Wiki zile kabla ya mwezi kuandama alikuwa mfalme wa baraza. Watu walikuja kusikiliza maajabu ya ulimwengu, wakapewa kunguni, dagaa na vyoo. Mwanzoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Rashid alikuwa na kipawa cha kukunja pua. Aliweza kukusimulia mkeka mmoja wa nyumba ya wageni mpaka wewe msikilizaji ukajikuna. Lakini kila hadithi iliishia palepale, kwenye ile mboga. Akifika hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayemtaja marehemu. "Dunia yote nimeizunguka," alisema, ingawa hakuizunguka yote, "na kitu cha kutiwa kinywani nimekionja kimoja tu."

Tatizo la pua iliyozoea kukunjika ni kwamba haiulizi iko wapi. Punde Rashid alianza kukunja pua Mtongwe. Mbata zinanuka, zilikuwa zikinuka tangu azaliwe, lakini sasa ndipo alipozinusa. Nzi wa Likoni hawana tofauti na wa bara. Kivuko kinachelewa. Maji ya kisima yana ladha ya kamba. Bi Dhahabu alimsikiliza, akatwanga, akapepeta.

Ramadhani ilipoingia, Mwanasaumu alianza kuleta futari, kama ilivyo desturi ya mwanamwali aliyeposwa kumletea mama mkwe mtarajiwa. Kila jioni, kabla ya magharibi, alipita ua kwa ua katika buibui lake, sinia kichwani limefunikwa kawa. Alileta mbaazi za nazi, alileta viazi vikuu, tambi, samaki wa kupaka, uji wa pilipili manga, mkate wa sinia uliochambuka vizuri. Bi Dhahabu alikula akashukuru Mungu. Rashid alionja.

"Nazi imezidi," alisema siku ya mbaazi.

"Miiba," alisema siku ya samaki.

Siku ya mkate wa sinia aliusukuma tu kando, akamweleza mama yake tena habari za ile mboga.

Maneno ya barazani hayakai barazani. Yalimfikia Mwanasaumu, naye akaanza kupika kisamvu. Alikitwanga kwa karanga, akakileta. Rashid alisema bado. Alikileta na karanga za kukaanga. Rashid alisema kuna kitu kinakosekana. Jioni moja aliposimama nje ya mlango, maana hakuingia ndani Rashid akiwapo, alimwuliza Bi Dhahabu kwa sauti ya kusikika:

"Mama, hebu niulizie. Leo nimekosea wapi?"

"Moshi," Rashid alijibu mwenyewe kutoka ndani. "Ile ilikuwa na moshi."

"Haya," alisema Mwanasaumu.

Tangu hapo alikuwa akiyaanika majani juu ya moto wa makumbi ya nazi, kwenye kibanda cha jikoni kisicho na dirisha, akiwa na saumu yake, bila tone la maji. Majirani walimsikia akikohoa. Alikuja na macho mekundu, akatua sinia, akarudi. Kisamvu chake sasa kilinuka moshi mpaka Bi Dhahabu alishindwa kukila, na Rashid alikimumunya, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema.

"Mwanangu," Bi Dhahabu alimwambia usiku huo, "mwenzio wamchosha."

"Mimi nasema kweli tu, mama. Niseme uongo?"

Ramadhani ikaisha, Idi ikaja, na Rashid akapata wazo ambalo aliliona ni la huruma. Nyuma ya soko dogo la Likoni alikaa mwanamke aitwaye Kabula, mke wa mchukuzi wa bandarini, mtu wa Unyamwezi. Rashid alimsikia akizungumza na wauza muhogo, akakijua Kiswahili kile cha benchi la kituo cha gari moshi. Huyu ataijua ile mboga! Atamfundisha Mwanasaumu, na mambo yatatengenea kabla ya Ijumaa. Alichuma kisamvu cha shambani kwao, kichanga, akakijaza kwenye pakacha, akaenda mchana kweupe.

Kabula alimpokea vizuri, akampa kigoda. Rashid alimweleza msitu, warina asali, bakuli, weusi wake, karanga zake, na moshi. Mwanamke yule aliinua uso, akatabasamu tabasamu la mtu aliyetajiwa nyumbani.

"Naijua," alisema. "Bibi yangu alikuwa anaipika hiyo. Majani ninayaona, mazuri. Karanga ninazo. Sasa mboga yenyewe iko wapi?"

Rashid alionyesha pakacha. "Si hii?"

"Haya ni majani, kaka. Nauliza mboga."

"Mboga ndiyo hii!"

"Hiyo ni mboga ya majani. Hiyo ya kwetu haipikwi majani matupu. Inatiwa mboga, nyama. Mkiwa na samaki, mboga ni samaki. Mkiwa na nyama, mboga ni nyama. Kila kinachoshushia ugali ni mboga. Kwani nyinyi ugali mnashushia nini?"

Rashid alihisi ubaridi ukimpanda kutoka kwenye zile nyayo zake bapa. Mabakuli yote aliyoyasukuma njiani, na vipande vikielea, yalimpita mbele ya macho moja baada ya jingine. Walikuwa wamemsikia vizuri kabisa.

"Nyama gani?" aliuliza.

"Ile ya msituni? Ngiri," alisema Kabula, bila ubaya wowote. "Au nguruwe wa porini, akipatikana mnono. Anakaushwa juu ya moshi mpaka anakuwa mgumu kama gome, halafu anatwangwa, anakuwa unga. Unga huo ndio unapikwa na majani, huwezi kuuona. Mafuta yake ndiyo yanaleta ule utamu."

Rashid aliinuka akakimbilia nyuma ya kibanda. Alijitia vidole kooni. Alitaka kuitoa, kana kwamba miezi yote ile ilikuwa imekaa humo ikimngoja, lakini kilichotoka ni kahawa ya asubuhi na kipande cha tende. Aliuchukia ulimi wake. Alivichukia vidole alivyovilamba. Alijisikia mchafu mpaka mahali maji hayafiki, na baya kuliko yote, hata pale alipoinama akitema mate, mdomo wake uliukumbuka ule utamu na kuutaka.

Kabula alimletea maji ya kusukutua. Alikuwa ameshaelewa.

"Pole, kaka. Lakini si ulisema mboga? Wamekupa ulichoomba."

"Nimeapa," alisema Rashid. "Nimemwapia mzee wa watu mara tatu kwamba sikula nyama ya huko."

"Anayejua ni wewe na mimi. Mimi sina mazungumzo na muadhini. Nyamaza, uoe."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Rashid aliubeba njia nzima mpaka Mtongwe. Sinia za harusi zilikuwa zimeshaazimwa. Mbuzi walikuwa wamefungwa uani kwa Mzee Ruwa. Kunyamaza kungemgharimu nini? Lakini alijiona Ijumaa ile akipewa mkono na mzee ambaye kinywa chake kilikuwa kikiita watu kusali tangu Rashid hajazaliwa, na roho ikamkataa. Hakuwa mtu mbaya, Rashid. Alikuwa na ulimi mbaya tu, kwa maana zote.

Alimkuta Mzee Ruwa barazani baada ya sala ya alasiri, akishona kofia. Alikaa chini sakafuni, si juu ya mkeka, akamweleza yote: neno lake la adabu, bakuli, Kabula, ngiri. Hakuruka kitu. Mzee Ruwa alipolisikia jina la mnyama alifumba macho, akageuza uso, akatema mate uani. Aliichomeka sindano kwenye kofia.

"Astaghfirullah," alisema. Kisha, "Ulijua?"

"Sikujua, mzee. Wallahi, mboga kwangu ni mboga."

"Na ulipoapa mbele yangu, uliapa uongo?"

"Niliapa nilivyodhani."

Mzee Ruwa aliiweka kofia chini. Alikuwa mkali, lakini hakuwa dhalimu. "Mungu hamwandikii mja asichokijua," alisema hatimaye. "Na kiapo cha mtu aliyedhani anasema kweli si cha uongo. Ungeninyamazia, ningekufukuza siku nitakayojua, hata mkiwa na wajukuu. Umekuja kwa miguu yako. Kwangu mimi yamekwisha."

Rashid aliubusu mkono wake. Hajapata kupumua vile tangu alipotoka kwa Kabula.

"Lakini anayeolewa si mimi," mzee akaendelea. Aligeuka upande wa pazia la mlango. "Mwanasaumu!"

"Abee, baba."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nakuuliza upya, kwa kuwa jambo limekuwa jipya. Rashid huyu, tuendelee naye Ijumaa?"

Kila mtu wa pale ajua mwanamwali akiulizwa hivyo hufanya nini. Hunyamaza. Kimya chake ndiyo ridhaa yake. Haya zamzuia kusema namtaka, na wazee hawamlazimishi. Hungojwa kidogo, husomwa fatiha, huletwa kahawa. Mzee Ruwa alikunja mikono, akangoja. Rashid naye aliinamisha kichwa akaomba kile kimya kirefuke. Kilirefuka. Mzee Ruwa alikuwa ameshainua viganja vyake kuanza fatiha.

"Baba, nina neno," alisema Mwanasaumu.

Viganja vikabaki hewani.

"Kwa nguruwe simlaumu. Hakujua, nawe umeshamsamehe, nami nimemsamehe. Nimesema hilo kwanza ili asije akaenda kusema nimemkataa kwa nguruwe." Sauti yake ilikuwa ileile ya taratibu. "Lakini mwezi mzima nimefunga huku nimeinamia makumbi. Nilikohoa mpaka nikatema vitu vyeusi. Nikajiambia ni mimi nisiyejua kupika, ngoja nijifunze, huyu mwenzangu ameona ulimwengu. Sasa najua nilikuwa nashindana na nini."

"Mwanasaumu," Rashid alisema, "ningejua..."

"Ungejua ungechukia na hiyo. Wewe ulikwenda nchi za watu ukazichukia, ukarudi kwenu ukapachukia. Nikiingia nyumbani mwako nitakuwa mji mmoja zaidi ulioupita. Utakaa barazani uwasimulie watu nilivyo. Mimi nimekinai, baba. Simtaki."

Mzee Ruwa alishusha viganja taratibu, akaviweka mapajani. Alimtazama Rashid, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Mlikuwa na kungoja. Alikuwa akimpa kijana nafasi ya kujitetea, kama inavyostahili.

Rashid alifungua kinywa. Alitaka kumwambia si kweli, kwamba kuna kitu cha mikono yake alichokipenda, na akikitaja huenda akasikizwa. Alitafuta. Alipita mbaazi, akapita samaki, akapita uji na mkate wa sinia na visamvu vyote vile, jioni baada ya jioni, akitafuta neno moja tu jema alilowahi kulisema juu ya chochote kati yao, ili alirudie sasa. Hakulipata. Mzee Ruwa alimngojea kwa adabu mpaka magharibi ikaingia, kisha akavaa makubadhi yake akaenda kuadhini.